Mgogoro wa mpangaji na mwenye nyumba: namna ya kuumaliza, kutoka barua ya kwanza hadi Baraza la Ardhi

Tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, hakuna chombo Tanzania Bara kinachompangia mwenye nyumba bei ya chumba chake. Kodi ni makubaliano. Kinachobaki ni mkataba wenu, pamoja na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo sehemu yake ya upangishaji hujaza pale mkataba uliponyamaza. Mwongozo huu ni wa mpangaji na wa mwenye nyumba kwa pamoja, maana wote wawili huumizwa na makosa yaleyale. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake. Yaliyomo hapa ni ya Bara.

Tenganisha malalamiko kwanza

Watu wakifika ofisi ya mtaa huwa wamebeba mambo kumi kwa mpigo: paa linavuja, kodi imepandishwa, mama mwenye nyumba anatukana, LUKU inaliwa na wapangaji wengine, na dhamana, yaani fedha ya tahadhari aliyoweka mpangaji siku ya kuingia, haijarudishwa. Ukiyamwaga yote pamoja, msikilizaji hukamata lile dogo na kuacha kubwa. Chukua karatasi, andika kila lalamiko kwenye mstari wake, na mbele yake andika unachotaka: kutengenezewa, kurudishiwa fedha, kubaki ndani ya nyumba, au mpangaji atoke. Lalamiko lisilo na ombi mbele yake liache nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Ugomvi wa nani akae ndani ya nyumba, au kama upangaji bado upo, ni wa mabaraza ya ardhi. Ugomvi wa fedha tupu baada ya mpangaji kuhama, kwa mfano dhamana isiyorudishwa au deni la miezi mitatu, unaweza kuchukuliwa kuwa dai la kawaida la mkataba na kupelekwa mahakama ya kawaida. Muulize karani kabla ya kulipia ufunguzi wa shauri. Ukikosea mlango, upande wa pili utaweka pingamizi la awali, shauri litatupwa, na miezi yako itakuwa imekwenda bure.

Ushahidi: kinachohesabika na kisichohesabika

Mkataba wa mdomo wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, unatambulika. Kwa hiyo mwenye nyumba asikwambie "huna mkataba, toka", wala mpangaji asiseme "hatukuandikishana, sidaiwi". Tatizo la mdomo ni kuthibitisha. Ndipo unapohitaji vitu hivi:

Kumbukumbu za malipo. Lipa kwa benki au simu, kwenda kwenye namba ya mwenye nyumba mwenyewe, si ya dalali wala ya mtoto wake. Ukilipa taslimu, risiti iwe na jina la aliyelipa, jina la aliyepokea, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, miezi inayolipiwa ("kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti"), tarehe na sahihi. Risiti iliyoandikwa "kodi ya nyumba" bila kutaja miezi ndiyo inayozaa ugomvi: mmoja anasema ni ya miezi sita inayokuja, mwingine anasema ni deni la nyuma.

Meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, zikiwemo meseji za kawaida na za WhatsApp. Picha ya skrini peke yake hupingwa kirahisi, kwa hiyo tunza simu yenyewe na usifute mazungumzo. Hakikisha namba na tarehe vinaonekana kwenye kila picha. Baada ya maongezi ya simu, tuma meseji fupi: "Mzee, kama tulivyoongea leo, umesema fundi wa paa atakuja Jumamosi." Akijibu "sawa", una ushahidi ambao dakika tano nyuma haukuwepo.

Hati ya makabidhiano. Hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua karibu kila ugomvi wa dhamana. Siku ya kuingia, mpangaji na mwenye nyumba wapite chumba kwa chumba na kuandika: kitasa cha mlango wa mbele kinafunga, funguo 2, dirisha la sebuleni, kioo 1 kina ufa, nyavu zimechanika upande wa kushoto, soketi 4, moja haifanyi kazi, dari ina doa la maji juu ya kona ya jikoni, sinki halivuji, usomaji wa mita ndogo 412. Wote watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Piga picha za kila ukuta siku hiyohiyo na uzitume kwa mwenzako ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Siku ya kutoka mnapita tena na karatasi ileile mkononi. Bila hati hiyo, kila ufa utakuwa wa mpangaji, na kila doa litakuwa la mwenye nyumba.

Mkataba wa maandishi unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba na sebule cha TSh 120,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka ni 1,440,000 na stempu ni 14,400. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ushuru ulipwe pamoja na adhabu, na wakati huo huwa ndio siku ambayo unauhitaji kuliko siku zote.

Umeme, mita moja wapangaji wengi

Nyumba ya uani yenye wapangaji wanne na LUKU moja haikosi maneno. Kugawana sawasawa hakufai pale mmoja ana friji na pasi na mwenzake ana taa mbili tu. Suluhisho ni mita ndogo kwa kila mpangaji, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, na usomaji unaoandikwa siku moja kila mwezi mbele ya watu wawili.

Hesabu huharibikia kwenye kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa TSh 1,500 kwa mwezi. Tuseme mmenunua umeme wa 10,000, zikakatwa 1,500, mkapata uniti 23.8. Bei ya uniti ni 8,500 gawanya kwa 23.8, yaani karibu TSh 357. Mpangaji aliyetumia uniti 35 mwezi mzima, katika manunuzi yote, anadaiwa 12,495. Ukigawanya 10,000 yote kwa 23.8 utapata 420 kwa uniti, na mpangaji huyo atalipa 14,700, yaani 2,205 zaidi ya anachodaiwa. Mwezi mmoja ni kidogo. Mwaka mzima ni ugomvi.

Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji ndiye anayeitoa kwa sababu ndiye anayenunua umeme, basi irudishwe kwake. Njia rahisi ni kuipunguza kwenye kodi ya nyumba: anayelipa miezi sita kwa 100,000, na ndiye peke yake anayetumia mita hiyo, alipe 591,000 badala ya 600,000, na risiti itaje kuwa 9,000 ni marejesho ya kodi ya majengo. Liwekeni hilo kwenye mkataba. Usikate kimyakimya, ukikata bila maelezo, vitabu vya mwenye nyumba vitaonyesha una deni.

Matengenezo

Pale mkataba usiposema vinginevyo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu za matumizi ya pamoja ni jukumu la mwenye nyumba. Mpangaji anatakiwa kuitunza nyumba kwa kiwango cha kawaida na kulipia alichoharibu: kioo alichovunja, kitasa alichokivunja baada ya kupoteza ufunguo, balbu. Kuchakaa kwa kawaida, kama rangi kupauka baada ya miaka mitatu, hakukatwi kwenye dhamana. Ukuta uliotobolewa misumari ishirini ni jambo jingine.

Kosa kubwa la wapangaji ni kutengeneza kwanza na kuomba fedha baadaye. Shimo la choo limejaa, mpangaji anaita gari, analipa, kisha anakata kwenye kodi. Mwenye nyumba anakataa bei, na sasa mpangaji ndiye anayeonekana mdaiwa. Utaratibu unaokulinda ni huu: toa taarifa kwa maandishi, weka muda (siku 14 kwa paa, siku 2 au 3 kwa choo kilichofurika au nyaya zinazotoa cheche), pata makadirio ya mafundi wawili au watatu, mtumie mwenye nyumba, na usubiri neno lake la maandishi kwamba ukatengeneze na ukate kwenye kodi. Akikubali, tunza risiti ya fundi na ya vifaa. Asipojibu, peleka suala hatua inayofuata badala ya kujiamulia.

Kosa la pili ni kusimamisha kodi ili kumshinikiza. Tunalisisitiza kwa sababu linawaponza watu wenye haki kabisa: ukisimamisha kodi, suala la paa lako linageuka kuwa suala la deni lako. Lipa, na udai.

Mwenye nyumba naye ana haki ya kuingia kukagua, ila kwa taarifa na kwa saa zinazofaa. Kuingia na ufunguo wa akiba mpangaji akiwa kazini ndiko kunakoleta tuhuma za vitu kupotea, na hapo hakuna atakayeweza kujitetea vizuri.

Kodi kupanda, notisi, na kufuli mlangoni

Ndani ya muda wa mkataba, kodi haipandi ila mkataba uwe umesema itapanda lini na kwa kiasi gani. Muda ukiisha, mwenye nyumba yuko huru kutaja bei mpya na mpangaji yuko huru kukataa na kuhama. Tatizo ni pale mkataba umeisha, hakuna aliyesema kitu, na kodi imepokelewa. Mwenye nyumba akikubali mpangaji aendelee kukaa na kulipa baada ya mkataba kuisha, kuanzia hapo urefu wa notisi hufuata kipindi cha malipo: anayelipa mwezi kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishie siku ya malipo. Notisi ya "mwisho Ijumaa uwe umetoka" haina nguvu kwa mpangaji aliyelipa hadi mwisho wa mwezi. Notisi iandikwe, itaje nyumba, sababu, tarehe ya kuondoka, na iwe na sahihi.

Wapo wenye nyumba wanaokataa kupokea kodi ili baadaye waseme mpangaji hajalipa. Ikikutokea, tuma fedha kwenye namba au akaunti uliyozoea kulipia. Zikirudishwa, tunza ujumbe wa kurudishwa, andika barua kwamba kodi ya mwezi fulani ipo tayari, na nakala ipeleke serikali ya mtaa. Usizitumie fedha hizo.

Sasa kufuli. Mwenye nyumba anayebadilisha kitasa, kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kutoa vyombo nje bila amri ya baraza anajiingiza kwenye dai la fidia, hata kama mpangaji anadaiwa kweli. Deni la 360,000 linaweza kumgeukia likawa gharama ya televisheni, godoro na vyombo vilivyonyeshewa. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kutoa kibali cha kumhamisha mtu kwa nguvu, dalali wa nyumba hana, na barua yenye muhuri wa mtaa haigeuki kuwa hukumu. Anayetekeleza amri ya kuondoa mtu ni dalali wa mahakama au wa baraza, akiwa na hati mkononi na baada ya kutoa notisi.

Mpangaji ukikuta kufuli, usilivunje. Piga picha ya mlango, mwite mjumbe wa shina na jirani mmoja washuhudie, andika orodha ya vitu vilivyo ndani, kisha nenda ofisi ya mtaa siku hiyohiyo. Polisi mara nyingi watakwambia ni suala la madai. Ni kweli kwa upande wa kodi. Lakini kama kuna kitu kimeibwa, kimeharibiwa, au umetishiwa kupigwa, hiyo ni jinai: eleza hilo peke yake, omba RB, na uiandike namba yake.

Barua ya madai

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja na haina matusi. Mfano:

Kwa: Bw./Bi. ________ (mwenye nyumba)
Kutoka: ________ (mpangaji), simu ________
Tarehe: ________

YAH: PAA LINALOVUJA KATIKA NYUMBA NA. ____, MTAA WA ________

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wako wa chumba na sebule tangu tarehe ____, kwa kodi ya TSh 120,000 kwa mwezi, na nimelipa hadi tarehe ____.

Tangu tarehe ____ paa linavuja juu ya kitanda na juu ya swichi ya ukutani. Nilikujulisha kwa simu tarehe ____ na kwa meseji tarehe ____. Picha nimeambatanisha.

Naomba matengenezo yaanze ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Yasipowezekana, naomba tukutane ofisi ya Serikali ya Mtaa tarehe ____ saa ____ tujadiliane.

Sahihi ________
Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wa ________

Chapa nakala mbili. Kwenye yako, mwenye nyumba aandike "nimepokea", tarehe na sahihi. Akikataa, nenda tena na mjumbe, na mjumbe aandike kwenye nakala yako kwamba ilipelekwa na kukataliwa tarehe fulani. Mwenye nyumba anayedai kodi atumie muundo huuhuu: kiasi cha deni mwezi kwa mwezi, siku za kulipa, na kitakachofuata.

Kupanda ngazi

Kikao cha serikali ya mtaa ni cha kusuluhisha tu, lakini humaliza mengi kwa sababu mwenyekiti anawafahamu wote wawili. Mkikubaliana, msitoke bila maandishi: nani anafanya nini, kufikia lini, na nini kitatokea asipofanya. "Atalipa akipata" hakutekelezeki. "Atalipa TSh 60,000 kila tarehe 5 kwa miezi sita kuanzia Juni" kunatekelezeka.

Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Lina wajumbe 4 hadi 8, watatu wakiwa wanawake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hili halitoi tena hukumu katika mgogoro wa ardhi, linapatanisha. Lisipofanikiwa linatoa hati kwamba upatanisho umeshindikana, na hati hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu ufungue lalamiko bila kumalizika, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila hati. Hivyo hakikisha una uthibitisho wa tarehe uliyofungua.

Wilayani unafungua maombi yanayotaja majina na anwani za pande zote, nyumba ilipo, thamani ya mgogoro, kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, na unachoomba. Ambatanisha mkataba, risiti, barua na picha, vyote vikiwa na namba. Toa nakala ya baraza, ya kila mjibu maombi, na yako. Kama unakaribia kutolewa kwa nguvu, usisubiri shauri la msingi lisikilizwe: fungua pia maombi madogo ya zuio la muda, yenye kiapo na hati ya dharura. Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo usikubali kuandikiwa hati usiyoielewa. Asiyemudu wakili aulize ofisi ya ustawi wa jamii au ya halmashauri juu ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; huduma yao ni ya bure.

Tarehe za kusikilizwa ni kitu cha kuogopa kuliko hoja za mpinzani. Mleta maombi asipotokea, maombi hufutwa. Mjibu maombi asipotokea, husikilizwa upande mmoja. Ukiugua, peleka cheti cha daktari kabla ya siku yenyewe.

Mwenye nyumba akifariki

Hili linahitaji neno lake. Baba mwenye nyumba amefariki, na ndani ya wiki mbili watoto watatu wanadai kodi, kila mmoja kivyake, na mjane naye. Mpangaji asimlipe yeyote kwa sababu ya ukali wa sauti yake. Mtu wa kulipwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba nakala ya hati ya uteuzi na usome jina. Kabla hajapatikana, iwekeni kodi kwenye akaunti tofauti na muwaandikie wanafamilia wote barua moja kwamba fedha zipo na zitakabidhiwa kwa msimamizi. Mkataba uliokuwepo haufi na marehemu. Muda uliolipiwa unabaki wa mpangaji.

Baada ya uamuzi

Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Omba nakala ya hukumu na ya tuzo (hati fupi ya kilichoamriwa) siku hiyohiyo inaposomwa, usije ukachelewa kukata rufaa. Na fahamu kwamba rufaa peke yake haizuii utekelezaji: mpangaji aliyekata rufaa bila kuomba zuio la utekelezaji anaweza kumwona dalali wa baraza mlangoni na shauri lake bado liko Mahakama Kuu. Aliyeshinda naye asikae akingoja fedha zijilete. Afungue maombi ya kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, ataje kiasi kilichobaki, na aonyeshe mali au akaunti ya mdaiwa anayoifahamu.